Uso wa Chombo na Mkono wa Mpigaji

Mhadhara kwa mafundi na wapenda muziki wa Kisauni, Likoni na Changamwe

Jambo nililoombwa kulizungumza mbele yenu ni dogo kwa kimo, kwani halizidi milimita 128.5 kutoka ukingo wake wa juu hata wa chini, lakini mimi nalihesabu kuwa ni katika mambo makubwa ya ufundi wa zama zetu. Nalo ni bamba la mbele la moduli ya sinthesaiza, yaani kile kipande cha chuma, cha mbao au cha plastiki ambacho fundi hukitoboa matundu, akakitia alama na maandishi, kisha akakifunga mbele ya saketi aliyoiunganisha kwa lehemu nyumbani kwake, ili mtu asiyeijua saketi ile hata kidogo aweze kuikaribia, kuigusa, na kupata kwayo sauti aliyoikusudia.

Sinthesaiza ya moduli si chombo kimoja kilichotoka kiwandani kimekamilika, bali ni jamii ya vyombo vidogo vilivyopangwa ubavu kwa ubavu ndani ya sanduku moja, kila kimoja na kazi yake: kimoja huzalisha mawimbi ya umeme ambayo spika huyageuza kuwa sauti, cha pili huyachuja, cha tatu huyapandisha na kuyashusha, cha nne huhesabu mapigo, na mpigaji ndiye anayeviunganisha kwa nyaya fupi apendavyo, leo hivi na kesho vinginevyo. Saketi zote zimefichwa nyuma. Kinachoonekana ni mabamba peke yake, na kwa hivyo, kwa mpigaji aliyekaa mbele ya sanduku hilo, bamba ndilo chombo chenyewe.

Hili lilidhihirika tangu mwanzo. Mnamo 1964 Robert Moog, katika jimbo la New York, alianza kujenga moduli zake kwa kushauriana na mtunzi Herbert Deutsch, na karibu wakati uleule, upande wa pili wa Marekani, Don Buchla alikuwa akiwajengea Morton Subotnick na Ramon Sender chombo cha kituo chao cha San Francisco Tape Music Center. Umeme uliokuwa ukipita ndani ya vyombo hivi viwili ulifuata kanuni zilezile za maumbile. Ikhtilafu kubwa ilikuwa usoni. Moog aliikubali kibodi ya piano, akawavuta watu waliotaka kupiga nyimbo kwa vidole vilivyokwisha kuzoea. Buchla aliikataa, akaweka vibao vya kugusa, tena akayatenganisha matundu ya sauti na matundu ya volti za kuongozea kwa plagi za namna mbili zisizoingiliana, naye akawavuta watu waliotaka muziki usiokuwa na mfano. Baadaye, katika miaka ya 1970, Serge Tcherepnin aliyatia matundu yake rangi, nyeusi kwa sauti, buluu kwa volti za kuongozea na nyekundu kwa mapigo, hata mpigaji akaweza kuutambua msitu wa nyaya kwa kuutazama tu. Mabwana hawa watatu walikuwa wahandisi hodari, lakini muziki uliotoka katika vyombo vyao ulipata tabia yake kutokana na uso waliouchagua kadiri ileile ulivyoipata kutokana na saketi walizozibuni.

Wala msidhani kwamba habari hii ni ya ng'ambo peke yake. Mwaka 1944, mjini Kairo, Mmisri Halim El-Dabh alichukua mashine ya kurekodi kwa waya, akarekodi sauti za zaar, yaani ngoma ya kupunga pepo, kisha akazigeuza na kuzitengeneza upya, miaka minne kabla Pierre Schaeffer hajatoa kazi zake za namna hiyo mjini Paris. Na katika siku zetu hizi, mjini Kampala, Brian Bamanya, ajulikanaye kwa jina la Afrorack, alipoiona bei ya moduli za dukani kuwa haifikiki, alishika kujifunza na kuzijenga mwenyewe moja baada ya moja, hata likapatikana sanduku zima, na mwaka 2022 lebo ya muziki ya Hakuna Kulala ilitoa albamu yake iitwayo The Afrorack. Kampala na Mombasa zimeunganishwa na njia moja ya malori. Kilichowezekana mwisho mmoja wa njia hiyo kinawezekana mwisho wa pili.

Lile ninalotaka kulisema, na ambalo yote yatakayofuata ni maelezo yake tu, ni hili: bamba lichorwe kwanza, na saketi ilifuate. Ada ya wengi wetu ni kinyume chake. Fundi huikamilisha saketi, akaifurahia, akaijaribu usiku kucha juu ya meza, kisha, ilhali hamu imekwisha kupungua, hutafuta bamba la kuifunika, na nobu zikakaa pale zilipoangukia kwa sababu waya ulikuwa mfupi, na tundu la kuingizia likawa karibu na tundu la kutokea kwa sababu palikuwa na nafasi hapo. Chombo cha namna hiyo humtii aliyekitengeneza na kumwasi kila mtu mwingine. Maadamu tunakusudia kwamba vyombo vyetu vitoke majumbani, viende katika harusi, katika shule na katika mikono ya watu ambao hawatatuuliza kitu, hatuna budi kuanza na mkono huo wa mtu mwingine.

Tunao ushahidi wa hili katika taarab ya Mombasa yenyewe. Taishokoto, chombo cha nyuzi kilichobuniwa na Goro Morita mjini Nagoya mwaka 1912, kilifika pwani hii, kikakaribishwa, kikawa sauti inayotambulisha taarab ya mji huu, na wengi wenu mmekisikia katika nyimbo za Zuhura Swaleh. Kwa nini chombo cha Wajapani kikakubalika upesi hivyo? Sababu ziko nyingi, lakini moja iko wazi mbele ya macho: juu ya vifungo vyake pameandikwa tarakimu. Mtu asiyejua Kijapani, wala noti za Kizungu, wala maqamu kwa majina yake, aliweza kuziona namba zile, akaweka kidole, akasikia, akakumbuka. Aliyekichora uso wake huenda hakupata kuiona Mombasa, lakini alimfikiria mpigaji kwa huruma, na huruma hiyo ilivuka bahari.

Sasa nishuke katika vipimo. Katikati ya miaka ya 1990 Dieter Doepfer wa Ujerumani alitoa mfumo wake wa A-100, na vipimo vyake vikaja kuwa kanuni ya wajenzi wengi duniani kwa jina la Eurorack. Kimo cha bamba ni milimita 128.5. Upana huhesabiwa kwa kipimo cha milimita 5.08, na bamba hukatwa kwa idadi kamili ya vipimo hivyo, lakini likipunguzwa kidogo: bamba la vipimo 8, ambalo kwa hesabu lingekuwa milimita 40.64, hukatwa milimita 40.3, ili majirani wasisukumane. Skrubu ni za milimita 3, na vituo vya matundu yake viko milimita 3 kutoka ukingo wa juu na wa chini, na milimita 7.5 kutoka ukingo wa kushoto. Soketi nyingi za plagi ya milimita 3.5 hutaka tundu la milimita 6, na potenshometa ndogo hutaka tundu la milimita 7. Lakini kipime kifaa ulichonacho mkononi kabla hujaamini karatasi ya mtu yeyote, hata hii yangu. Watu wengine huona kanuni za namna hii kuwa ni minyororo. Mimi naziona kuwa ni takrima, kwa sababu moduli iliyochongwa Mtongwe kwa vipimo hivi itakaa ndani ya sanduku lililojengwa Kampala au Berlin bila kuomba ruhusa.

Kutoka hapo, mkono. Kati ya nobu mbili zinazozungushwa pamoja, weka milimita 20 toka kituo hata kituo, na zaidi ukiwa na nafasi. Kati ya soketi mbili milimita 14 hutosha, maana plagi nazo zina unene. Soketi zikae chini na nobu juu, ili nyaya zining'inie pasipo kuuzuia mkono. Na maandishi yakae juu ya kitu yanachokitaja, kamwe si chini yake, kwa sababu waya ukishachomekwa hufunika lile lililoko chini. Yako maduka makubwa yaliyolisahau jambo hili. Katika upande wetu wa Kisauni kuna karakana za Bombolulu, ambako tangu mwaka 1969 watu wenye ulemavu wamekuwa wakifanya kazi za chuma, nguo, ngozi na mbao kwa ustadi unaojulikana mbali. Kila ninapochora bamba nawakumbuka hao, na najiuliza kama mtu mwenye vidole vigumu, au mwenye mkono mmoja, au asiyeona vyema, ataweza kulitumia. Rangi isiwe alama ya pekee, kwa kuwa wako wasiopambanua nyekundu na kijani. Nobu kuu iwe kubwa kupita nyingine zote ili kidole kiipate gizani. Na mstari wa nobu uwe umechongwa, usiwe umepakwa tu, ili mtu aujue kwa kuugusa. Haya hayawadhuru wenye afya, na kwa wengine ndiyo mlango wenyewe.

Katika upangaji, mwalimu wangu ni kanga. Anayesimama mtaa wa Biashara, Mombasa, mbele ya duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza biashara 1887 na ambalo kanga zake hujulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, huona mamia ya michoro isiyofanana, na yote inatii mpango mmoja: pindo, mji na jina. Pindo la bamba ni ile nafasi ya milimita 10 hivi, juu na chini, ambako nyuma yake pana reli za sanduku. Hapo pasiwekwe kitu ila skrubu na, ukipenda, jina la moduli. Mji ni lile jambo moja ambalo moduli iliumbwa kwa ajili yake, na jambo hilo lipewe nobu kubwa na nafasi pande zote. Na jina, yaani maandishi, likae daima pahali pamoja, kwa herufi za namna moja, zisizopungua kimo cha milimita 2. Mchoraji kanga hatii maua saba katika mji ati kwa sababu anayo maua saba. Nasi tusitie nobu saba kwa sababu saketi ina pahali saba pa kurekebishwa. Zile zinazorekebishwa mara moja tu maishani zifichwe nyuma ya bamba.

Kuhusu maandishi nasema neno moja: yawe ya Kiswahili. INGIA, TOKA, KASI, KIMO, CHUJA. Maneno haya ni mafupi, yanaenea katika nafasi ndogo, na mtoto wa darasa la nne anayasoma. Yanayotoka yatiwe ndani ya kisanduku kilichojazwa rangi, kama ilivyo desturi ya wajenzi wengi, na yanayoingia yaachwe wazi, ili mpigaji ajue mwendo wa umeme kabla hajasoma herufi moja.

Lakini hatujengi katika hewa kavu. Likoni, Mtongwe, Nyali, Bamburi, kote huku hewa imebeba chumvi na unyevu, na chuma cha kawaida, hata kikipakwa rangi, huanza kushika kutu pale tundu lilipotobolewa, kwa sababu ukingo wa tundu hauna rangi. Alumini haipati kutu nyekundu, lakini ikiachwa tupu katika hewa hii hufanya unga mweupe na vishimo. Na ikifungwa kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, metali hizo mbili pamoja na maji ya chumvi huanzisha kazi ya betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Dawa yake ni rahisi, nayo ni washa za plastiki chini ya vichwa vya skrubu, na vanishi juu ya bamba zima na ndani ya kingo za matundu. Alumini yenyewe haina haja ya kuagizwa: mafundi wa madirisha na milango ya alumini hubakiwa na vipande, nao huuza mabaki kwa bei nafuu, aghalabu yakiwa tayari yametiwa rangi ya kiwandani inayostahimili. Unene wa milimita 2 unafaa; wa milimita 1.5 unakubalika.

Mbao nayo ina heshima yake, na pale Changamwe wapo wachongaji wa Kikamba ambao ushirika wao ulianzishwa 1963. Mwarobaini wanaouchonga ni mti uliozoea pwani yetu, hauna uhaba, na unapendeza kwa mbavu za sanduku. Kwa bamba lenyewe, hata hivyo, mbao ina ila mbili. Ikizidi milimita 3 nati za soketi hazipati uzi wa kushika, na, fauka ya hayo, mbao haikingi saketi na mvumo wa umeme wa nyumba, ule wa mitetemo 50 kwa sekunde ambao kila mwenye redio ameusikia. Plastiki ya vibao vya matangazo ina ila hii ya pili pia. Anayezitaka lazima abandike nyuma yake karatasi ya alumini au ya shaba, aiunganishe na waya wa ardhi wa saketi, na ahakikishe kwamba haigusi kitu kingine chochote.

Ufundi wa kutoboa wengi wenu mnaujua kunipita, kwa hivyo nitapita mbio. Chora kwa kipimo halisi, kwa kompyuta au kwa rula na bikari. Bandika karatasi hiyo juu ya boksi gumu, toboa, tia nobu na soketi, kisha kaa nalo siku chache ukilizungusha kama kwamba lina sauti, kwani makosa yote ya mkono hujifichua juu ya boksi, ambapo kuyasahihisha hakugharimu kitu. Ukiridhika, bandika karatasi juu ya alumini, tia alama ya kila kituo kwa msumari mkali na nyundo, libane bamba kwenye jiliwa baina ya vipande viwili vya mbao ili keekee isiling'ang'anie na kulizungusha, anza na tundu la milimita 3, panua hatua kwa hatua, ukitia tone la mafuta ya taa ili alumini isigande kwenye ncha. Malizia kwa tupa na msasa.

Katika maandishi ndipo mji wetu ulipo tajiri. Mombasa ina waandishi wa vibao wanaoandika herufi kwa brashi kwa mkono usiotetemeka, na ina mafundi wa stika za matatu ambao mashine zao hukata vinaili kwa herufi ndogo kuliko anavyodhani mtu asiyewahi kuwauliza. Ziko njia nyingine, kama vile kuchapa mchoro kinyumenyume kwa printa ya leza juu ya karatasi laini ya jarida, kuupiga pasi ya moto juu ya alumini iliyosuguliwa, kisha kuiroweka karatasi majini hata iondoke na wino ubaki. Au kuagiza bamba kutoka kwa watengenezaji wa bodi za saketi, ambao hutumia bodi ileile ya milimita 1.6 kuwa bamba, yenye maandishi meupe na mapambo ya shaba iliyopakwa dhahabu. Hiyo ya mwisho ni safi mno, wala siikatazi. Ila moyo wangu uko kwa fundi wa brashi, kwa sababu akishirikishwa huja na mawazo yake juu ya herufi na nafasi ambayo mhandisi hakuyafikiria, na moduli ikatoka na khati ya mji huu.

Niwape mfano mmoja kamili. Tunataka ngoma ya chapuo, katika chakacha ya usiku, iongoze sinthesaiza: kila pigo lifungue chujio, na pigo zito lifungue zaidi. Kipokezi ni kile kisahani chembamba cha shaba kinachopatikana ndani ya vifaa vya kutoa mlio, kikibandikwa kwenye mwili wa ngoma. Bamba letu ni la vipimo 8. Katikati, milimita 40 kutoka juu, pana nobu kubwa ya USIKIVU, maana hiyo ndiyo itakayoguswa usiku kucha, kwa kuwa mpigaji ngoma huchoka, au hupandwa na furaha, na nguvu ya mkono wake hubadilika. Juu yake taa ndogo inayowaka kwa kadiri ya pigo, iwekwe juu ili mkono ulioko kwenye nobu usiifunike. Chini yake nobu moja ndogo, SHUKA, ya muda wa volti kurudi chini. Kisha soketi tatu: ya ngoma upande wa kushoto, na upande wa kulia mbili za kutokea, moja ya volti inayopanda na kushuka na nyingine ya pigo tupu. Muda wa kupanda hatuutii nobu. Ngoma hupanda mara moja, na anayetaka vinginevyo atatumia moduli nyingine. Angalieni kwamba mpaka hapa sijataja hata kifaa kimoja cha saketi, na tayari fundi wa saketi anajua lazima afanye nini: bodi yake isizidi upana wa bamba, potenshometa mbili, soketi tatu, na taa yenye nguvu ya kuonekana chini ya balbu za harusi.

Limebaki la nyuma. Upande usioonekana na mpigaji huonekana na fundi mwenziwe, siku moduli itakapoharibika na wewe hupo. Andika hapo jina la saketi, mwaka, na zaidi ya yote ule upande wa mstari mwekundu wa utepe wa umeme, ambao katika Eurorack ni volti 12 hasi, kwa kuwa utepe ukichomekwa kinyume saketi huweza kuungua kabla hujatoa mkono. Kisha mchoro wa bamba, wenye vipimo vyote, utiwe bahasha moja na mchoro wa saketi na upewe yeyote atakayeuomba, awe wa Likoni, wa Miritini au wa Kampala, naye akiona kwamba nobu ya USIKIVU ingekaa vyema milimita 5 chini zaidi, aisogeze, na atuletee mchoro wake.